Swichi zilipogoma kutoa anwani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Chumbageni, Tanga

Ukiitwa kwenye mtandao uliokufa, soma kwanza anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, iliyoshikwa na kompyuta yenyewe. Isome kabla hujagusa swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa waya), kabla hujazima na kuwasha chochote, na kabla hujampigia simu mtu wa kampuni ya intaneti. Anwani hiyo itakuambia nani ameigawa, au kwamba hakuna aliyeigawa. Kisa cha chuo kimoja cha ufundi hapa Chumbageni nakiandika kwa kirefu kwa sababu kila tatizo lililotokea pale lilikuwa limeshajiandika kwenye anwani, ila watu walikuwa wanatazama kwingine.

Jengo lina ghorofa mbili. Chini, jirani na uhasibu, kuna chumba kidogo chenye swichi kuu ya Cisco ya tabaka la tatu, yaani swichi inayoweza pia kupitisha data kati ya mtandao mmoja na mwingine kama ruta. Kila sakafu ina swichi yake ya kawaida, na kila moja ina waya unaopanda kwenye swichi kuu. Mtandao umegawanywa kwa VLAN tatu, yaani mitandao mitatu iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile: ya 10 kwa ofisi, ya 20 kwa maabara ya kompyuta, na ya 30 kwa WiFi ya wanafunzi.

Kwa miaka kadhaa anwani ziliandikwa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na kumbukumbu zake zikawekwa kwenye daftari la mhasibu. Mfumo huo huenda vizuri mashine zikiwa chache. Zilipoletwa kompyuta mpya za maabara, mtu mmoja aliandika anwani ambayo tayari ilikuwa ya printa ya uhasibu, na risiti za ada zikaacha kutoka. Wazazi waliotoka Muheza na Pangani na kontroo namba zao mkononi walikaa barazani hadi adhuhuri. Hapo uongozi ukaamua kwamba anwani zigawiwe zenyewe, kwa utaratibu uitwao DHCP, na kazi akapewa kijana wa TEHAMA wa chuo.

Kijana yule alifanya kazi nzuri, na nasema hivyo kwa dhati. Hakuwa na seva ya kuikabidhi kazi hiyo, kwa hiyo aliifanya swichi kuu iwe ndiyo mgawaji. Swichi za Cisco za aina hiyo zina uwezo huo ndani yake. Mipangilio ya ofisi aliiandika hivi:

ip dhcp excluded-address 10.40.10.1 10.40.10.30
ip dhcp pool OFISI
network 10.40.10.0 255.255.255.0
default-router 10.40.10.1
dns-server 10.40.10.5

Mstari wa kwanza unazitenga anwani 30 za mwanzo zisigawiwe, kwa ajili ya swichi zenyewe na mashine zisizohamahama. Inayobaki inasema mtandao ni upi, lango la kutokea ni lipi, na majina ya tovuti yaulizwe wapi. Akarudia hivyo kwa VLAN 20 na 30. Kwa kuwa swichi kuu ina mguu wake ndani ya kila VLAN, ombi likiingia kupitia VLAN 20 inajua ichote kwenye fungu la maabara. Hakuhitaji amri ya ip helper-address, ambayo hutumika pale seva inapokaa kwenye mtandao mwingine na maombi yanahitaji mtu wa kuyavusha.

Siku za mwanzo mambo yakaenda. Kisha maabara ikaanza kulalamika kwamba baadhi ya mashine hazina mtandao na nyingine zinao. Kijana akasoma, akagundua kuna ulinzi wa DHCP unaoweza kuwekwa kwenye swichi, akauweka kwenye swichi zote mbili za sakafu. Asubuhi yake nikapigiwa simu: "Kaka, shikamoo. Jengo zima halina mtandao, na mimi nimefuata maelekezo neno kwa neno."

Anwani tatu, majibu matatu

Nilipofika nilimwomba tuzunguke na karatasi, tuandike tu anwani ya kila mashine tunayoipita, bila kurekebisha kitu.

Mashine nyingi zilikuwa na anwani inayoanza na 169.254. Hiyo haigawiwi na mtu. Kompyuta ikiita na isijibiwe, hujipa yenyewe anwani ya nasibu kutoka fungu hilo ili angalau iweze kuongea na majirani wa waya uleule. Mtandao wa nje haiupati kabisa. Kwa hiyo 169.254 maana yake ni moja: niliomba, sikujibiwa.

Mashine chache za ofisi bado zilikuwa na 10.40.10 yao halali na zilifanya kazi. Mama mhasibu alikuwa na hakika kwamba yeye amependelewa. Ukweli ni kwamba anwani ya DHCP hukodishwa kwa muda, na swichi za Cisco usipoziambia vingine hukodisha kwa siku moja. Mashine ambayo muda wake haujaisha inaruhusiwa kuendelea kuitumia anwani yake hata kama mgawaji amenyamaza. Mashine yake ingefuata wenzake kabla ya kesho. Hii ndiyo sababu tatizo la DHCP huonekana kama linabagua watu, na ndiyo sababu usimwamini anayesema "mbona kwangu inafanya kazi".

Jambo la tatu lilikuwa kwenye simu ya kijana. Alikuwa amepiga picha skrini ya mashine moja ya maabara siku ya malalamiko ya kwanza, kabla hajaweka ulinzi. Anwani yake ilikuwa 192.168.0.104. Chuo kizima hakina mtandao wa 192.168.0. Kwa hiyo palikuwa na mgawaji mwingine ndani ya jengo.

Mpaka hapo hatujagusa amri hata moja, na tayari tulijua tuna matatizo mawili tofauti: la zamani, mgeni anayegawa anwani za kwake, na la jana, mgawaji halali asiyejibu. Ukiyachanganya haya mawili utazunguka hadi magharibi.

Kwa nini swichi kuu ilinyamaza

Nitakaa hapa kidogo, maana hiki ndicho kiini cha kisa, na ni mtego unaomnasa fundi aliye mwangalifu.

DHCP, katika umbo tunalolitumia leo, iliandikwa rasmi mwaka 1997. Mazungumzo yake yana hatua nne. Mashine inatangaza kwa wote kwamba inatafuta mgawaji, mgawaji anatoa pendekezo, mashine inaomba rasmi anwani iliyopendekezwa, mgawaji anathibitisha. Mashine inazungumza kutoka poti ya UDP namba 68, mgawaji anasikiliza kwenye 67 (poti hizi ni namba za milango ndani ya programu, si matundu ya waya). Hakuna nywila wala kitambulisho popote. Yeyote anayesikia tangazo anaweza kujibu, na mashine nyingi huchukua pendekezo linalofika kwanza.

Ulinzi wa DHCP umewekwa kwa ajili ya udhaifu huo. Swichi inazigawa poti zake, yaani matundu ya kuchomeka waya, kwenye makundi mawili: zinazoaminiwa na zisizoaminiwa. Pendekezo au uthibitisho ukiingia kupitia poti isiyoaminiwa, swichi inautupa. Poti ya kuaminiwa kwa kawaida ni ile tu inayopanda kuelekea kwa mgawaji halali. Kijana alikuwa ameandika kama inavyotakiwa:

ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10,20,30

na kwenye poti inayopanda swichi kuu:

ip dhcp snooping trust

Mafundi wengi husahau huo mstari wa mwisho, na nilianza kwa kuukagua. Ulikuwepo, kwenye poti sahihi, kwenye swichi zote mbili. Vilevile VLAN zote zilikuwa zinapita kwenye waya wa kupanda. Kisha nikachomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye swichi kuu, kwenye poti ya VLAN 10. Ikapata anwani papo hapo. Nikaichomeka kwenye swichi ya sakafu ya juu, VLAN ileile. Ikabaki na 169.254.

Kwa hiyo mgawaji mzima, njia ipo, na kuna kitu kinachotokea kwa ombi likipita kwenye swichi ya sakafu.

Kinachotokea ni hiki. Swichi ya Cisco ikiwashiwa ulinzi huo, inaanza pia, bila kuulizwa, kubandika kwenye kila ombi maelezo ya ziada: ombi hili limeingia kupitia swichi fulani, poti fulani. Maelezo hayo huitwa chaguo la 82, na yamewekewa utaratibu rasmi tangu 2001. Kusudi lake ni jema, kwa maana mgawaji akitaka anaweza kujua mashine imechomekwa wapi hasa. Lakini kwa desturi maelezo hayo hubandikwa na wakala, yaani kifaa kinachovusha maombi kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na wakala huandika pia anwani yake mwenyewe kwenye sehemu ya pakiti (kifurushi cha data kinachobeba ombi) inayoitwa giaddr. Mgawaji husoma hapo ili ajue achote fungu gani na jibu alirudishe kwa nani.

Swichi za sakafu pale chuoni hazikuwa mawakala. Zilipitisha tu ombi ndani ya VLAN ileile. Kwa hiyo zilibandika chaguo la 82 huku giaddr ikibaki sifuri. Swichi kuu ilipopokea pakiti hiyo iliiona ni barua yenye muhuri wa tarishi lakini haina jina la tarishi, ikaitilia shaka, ikaitupa. Haikumjibu mwombaji, na kwenye skrini ya kawaida haikuandika lolote. Ni pale tu nilipowasha debug ip dhcp server packet ndipo ikasema wazi kwamba taarifa ya wakala ipo, ila giaddr ni sifuri.

Tazama ugumu wake: swichi ya sakafu haina kosa kwa mujibu wa mipangilio yake, swichi kuu nayo haina kosa kwa mujibu wa yake. Kila moja ilikuwa inafuata tahadhari ya kiwandani. Ukikagua kifaa kimoja kimoja hutaona kitu. Lazima uifuate pakiti yenyewe kutoka inapotoka hadi inapofia.

Dawa ni mbili, unachagua moja. Unaweza kuziambia swichi za sakafu ziache kubandika:

no ip dhcp snooping information option

Au unaweza kuiambia swichi kuu ikubali pakiti za namna hiyo:

ip dhcp relay information trust-all

Nilichagua ya kwanza. Chuo hakina matumizi yoyote ya kujua poti kupitia DHCP, na sioni sababu ya kubeba maelezo yasiyosomwa na mtu. Ile ya pili ingekuwa na maana kama wangekuwa na seva inayotoa anwani kulingana na mahali mashine ilipochomekwa. Sikumwacha kijana azime ulinzi wote, ingawa watu wa uhasibu walimshinikiza sana afanye hivyo kwa sababu "jana bila hiyo ilikuwa inafanya kazi". Jana ilikuwa inafanya kazi kwa bahati, na mgeni bado alikuwa ndani.

Mgeni wa maabara

Kumpata kulikuwa rahisi. Kwenye picha ileile ya simu kijana alikuwa ameandika arp -a, amri inayoonyesha anwani ya MAC, yaani namba ya kiwandani ya kadi ya mtandao, ya kila jirani ambaye mashine imewasiliana naye, pamoja na ya lango 192.168.0.1. Tukaipeleka MAC hiyo kwenye swichi ya juu kwa show mac address-table address, swichi ikatutajia poti, tukaufuata waya hadi nyuma ya kabati la maabara. Palikuwa na kiruta cha WiFi cha nyumbani, kipya kabisa. Mwalimu wa maabara alikuwa amekinunua kwa fedha zake ili wanafunzi wa kona ya nyuma wapate WiFi. Nia njema tupu. Alikichomeka kwa poti ya LAN badala ya ile ya kuelekea intaneti, na kiruta kikaanza kugawa anwani kwa chumba kizima.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa kila fundi alijue. Swichi ya Cisco inayogawa anwani, kabla haijaipendekeza, huipigia ping, yaani huitumia ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", mara mbili kuona kama kuna mtu anayeitumia, na kila mara husubiri nusu sekunde. Kwa hiyo pendekezo lake huchelewa kwa takriban sekunde moja. Kiruta cha dukani kisichofanya ukaguzi huo hujibu mara moja. Kwenye mashindano ya nani anafika kwanza, kifaa cha hovyo kinamshinda mwangalifu. Ndiyo maana ulinzi kwenye swichi ni lazima, si mapambo.

Kiruta hatukukitupa. Tulizima ugawaji wa anwani ndani yake, tukakipa anwani isiyobadilika kutoka zile zilizotengwa za VLAN 20, na mwalimu akabaki na WiFi yake.

Tukiwa maabara tuliona pia kwamba mashine zikiwashwa hukaa na 169.254 kwa muda, kisha hupata anwani zenyewe. Hilo ni jambo dogo: swichi inapoona kifaa kipya kwenye poti husubiri sekunde 30 ikihakikisha hakuna mzunguko wa waya, na mashine huwa imeshachoka kuomba. Spanning-tree portfast kwenye poti za kompyuta peke yake inalimaliza. Isiwekwe kwenye waya wa kupanda.

Fungu lililokauka, na umeme

WiFi ya wanafunzi ilikuwa na kisa chake. Fungu la VLAN 30 lilikuwa la anwani zisizofika 254, na chuo kina zamu ya asubuhi na ya jioni. Wa asubuhi wanaingia kwa baiskeli kutoka Ngamiani na Makorora, simu zinashika anwani, saa saba wanaondoka, lakini anwani zao zinabaki zimekodishwa hadi kesho yake. Wa jioni wakifika, fungu limekauka. Simu inasema imeunganishwa, mtandao hakuna.

Tulifanya mawili. Muda wa kukodisha ukashushwa hadi saa mbili, kwa amri ya lease 0 2 ndani ya fungu hilo. Simu iliyopo huomba kuongezewa muda inapofika nusu yake, kwa hiyo aliye darasani hasumbuliwi, na aliyeondoka anaiachia nafasi. Kisha mtandao wenyewe ukapanuliwa, kwa kubadilisha namba inayoonyesha upana wake (subnet mask), kutoka 255.255.255.0 kuwa 255.255.254.0, ambao una nafasi 510. Ukifanya hivi kumbuka kubadilisha pia kwenye kiolesura cha VLAN 30 cha swichi kuu, la sivyo nusu ya simu zitajua mtandao mpana na lango litajua mwembamba. Kwa ofisi tuliacha siku moja. Mashine za ofisi hazihami, na sipendi muda mfupi pasipo na haja.

La umeme ni zito zaidi, nalo watu hulisahau kwa sababu siku ya kuweka mipangilio umeme huwa upo. Swichi kuu ikiwa ndiyo mgawaji, orodha ya nani ana anwani gani inakaa kwenye kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika, mipangilio inabaki kwa kuwa ilihifadhiwa, lakini orodha inafutika. Ikiwaka haijui kwamba 10.40.10.47 iko kwenye kompyuta mpakato ya mkuu wa chuo, ambayo haikuzimika kwa sababu ina betri. Ile ping ya ukaguzi ingemwokoa, lakini ukuta wa moto (firewall) wa Windows mara nyingi haujibu ping kwenye mtandao uliotajwa kuwa wa umma. Swichi inadhani hapana mtu, inaipendekeza kwa mwingine. Mashine makini hukagua yenyewe, ikiona kuna mwenyewe huikataa, na swichi huiweka anwani hiyo kwenye orodha ya migongano. Ikishaingia huko haigawiwi tena mpaka fundi aifute. Tulipoandika show ip dhcp conflict pale chuoni, orodha ilijaa anwani ambazo sasa hazikuwa na mtu.

Tuliisafisha kwa clear ip dhcp conflict *, na kwa ip dhcp database tukaiagiza swichi iwe inatunza orodha yake kwenye kompyuta ya kijana kwa njia ya TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili. Tungeweza kuielekeza kwenye kumbukumbu ya kudumu ya swichi yenyewe, lakini kumbukumbu hizo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Pia nilisisitiza swichi kuu iwekwe kwenye UPS, na chuo kilikuwa nayo, imekaa chini ya meza ya mtu ikiwasha feni.

Printa ya uhasibu

Iliyoanzisha yote ilikuwa printa, na ndiyo ilikuwa ya mwisho kutengemaa. Kijana alitaka iwe inapata anwani ileile kila mara kutoka kwa mgawaji, bila kuandikwa kwa mkono kwenye printa. Alitengeneza fungu lake, akaandika MAC ya printa kama ilivyo kwenye kibandiko, na bado printa ikapewa anwani nyingine.

Swichi ya Cisco hailinganishi MAC tupu pale kifaa kinapojitambulisha kwa kitambulisho chake cha DHCP. Kitambulisho hicho kwa kawaida ni MAC iliyotanguliwa na 01, tarakimu zinazosema aina ya mtandao ni Ethernet. Kwa printa yenye MAC 001b.2c3d.4e5f unaandika:

ip dhcp pool PRINTA-UHASIBU
host 10.40.10.35 255.255.255.0
client-identifier 0100.1b2c.3d4e.5f

Nukta zinahama kwa sababu tarakimu mbili zimeongezwa mbele, na hapo ndipo wengi hukosea kunakili. Njia salama ni kuiacha printa ichukue anwani yoyote kwanza, uandike show ip dhcp binding, kisha unakili kitambulisho kama swichi yenyewe inavyokiona. Tulifanya hivyo. Printa ikazimwa, ikawashwa, ikachukua 10.40.10.35, na mama mhasibu akatoa risiti ya kwanza.

Limebaki moja ambalo sikuliridhia. Kazi yote ya kugawa imewekwa kwenye swichi kuu peke yake, na siku ikiungua jengo zima litabaki na 169.254. Nimewaandikia wanunue kompyuta ndogo ya kuwa seva ya DHCP kando yake. Siku itakapowekwa, ip helper-address itahitajika kwenye kila VLAN isipokuwa ile itakayokaa seva yenyewe, na mafungu yaliyo kwenye swichi yaondolewe siku hiyohiyo, maana wagawaji wawili wenye fungu moja bila kuwasiliana wanaweza kuitoa anwani ileile, kila mmoja kwa mtu tofauti.